Dungeons & Dragons ya 2024 au Level Up: ipi iwe mezani kwenu?

Kundi lililocheza toleo la tano la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kwa miaka kadhaa hufika mahali vitabu vya 2014 vikaanza kubana. Mpiganaji anarudia pigo lilelile kila zamu, safari ya wiki nzima inakwisha kwa sentensi moja, na msimamizi wa mchezo ameshajaza daftari kwa kanuni za kujitungia ili kuziba mapengo. Kundi kama hilo lina njia mbili kubwa mbele yake. Ya kwanza ni vitabu vilivyosahihishwa na wenye mchezo wenyewe, Wizards of the Coast, vilivyoanza kutoka Septemba 2024. Ya pili ni Level Up: Advanced 5th Edition, kanuni mbadala zilizotolewa na EN Publishing ya Uingereza mwaka 2021.

Zote mbili zinatumia dadu ya pande 20, sifa sita za mhusika (kama nguvu na akili) na ngazi 1 hadi 20 anazopanda akikomaa, na visa vilivyoandikwa kwa vitabu vya 2014 vinachezeka kwenye zote bila kazi kubwa. Ndiyo maana wengi hudhani uchaguzi huu ni wa ladha tu. Mimi naona unategemea jambo moja ambalo kila kundi linaweza kulikagua: muda wenu wa mezani unaishia wapi. Toleo la 2024 limenyoosha yale yaliyokuwepo, hasa mapigano. Level Up imejaza yale yaliyokosekana, hasa yote yanayotokea kati ya pambano moja na jingine.

Kumuumba mhusika

Toleo la 2024 lina fani 12 (kazi ya mhusika, kama mpiganaji au mchawi), kila moja na matawi manne, na fani zote sasa huchagua tawi kwenye ngazi ya 3. Spishi ni 10, na usuli, yaani maisha ya mhusika kabla ya kisa kuanza, ni 16. Badiliko kubwa ni kwamba nyongeza za sifa zimeondolewa kwenye spishi zikapelekwa kwenye usuli, na kila usuli unakuja na kipaji kimoja cha kuanzia. Mhusika wa ngazi ya kwanza ana kitu cha kujivunia tangu kikao cha kwanza, na mchezaji mgeni hapotei njiani.

Ila kuna mahali ambapo mpango huu unabana bila sababu. Usuli wa mkulima unakuruhusu kuongeza nguvu, ustahimilivu au busara tu. Kijana aliyekulia shambani kisha akawa mchawi msomi hapati nyongeza ya akili, sifa anayoitegemea kuliko zote. Matokeo yake mchezaji anayejali hesabu huchagua usuli kwa kuangalia alama, na kisa cha maisha ya mhusika kinafuata baadaye kwa kulazimishwa. Msimamizi anaweza kutunga usuli mwingine, na Dungeon Master's Guide, kitabu cha msimamizi, inaeleza namna ya kufanya hivyo, lakini uhuru huo ulistahili kuwa mkononi mwa mchezaji.

Level Up inaigawa asili ya mhusika mara nne: nasaba, utamaduni, usuli na majaliwa. Nasaba ni mwili uliozaliwa nao, utamaduni ni watu waliokulea. Orki (kiumbe wa kubuni mwenye nguvu) aliyelelewa na elfi (watu wa kubuni) wa msituni anaandikwa hivyo hivyo kwenye karatasi, mwili wa orki na maarifa ya msitu, na kila upande unampa uwezo wake. Usuli unapanga alama moja ya nyongeza, nyingine unaiweka utakako, kwa hiyo yule mkulima msomi anawezekana bila kuomba ruhusa kwa mtu. Majaliwa ni lile analolitafuta mhusika maishani, mathalani kisasi, utajiri au maarifa, na akilifuata mezani anapata uvuvio wa kutumia kwenye dadu. Kundi linalopenda wahusika wenye mizizi litafurahi sana hapa.

Fani za Level Up ni 13. Ya ziada ni ya jemadari, anayeongoza wenzake vitani kwa amri na mbinu bila uchawi wowote, na kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kukifungua kitabu. Mwindaji wa porini naye hategemei uchawi kama yule wa 2024. Lakini haya yote yana bei, nayo ni muda. Kumuumba mhusika wa Level Up kunakula sehemu kubwa ya kikao kizima ikiwa wachezaji hawajajiandaa, na mgeni kabisa anaweza kuchoka kabla hajarusha dadu hata moja.

Zamu moja ya mpiganaji

Tumchukue mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye nguvu 18, yaani nyongeza ya 4, na bonasi ya ustadi (nyongeza inayokua ngazi zinavyopanda) ya 3. Anashambulia mara mbili kwa zamu katika mifumo yote miwili. Tofauti inaonekana baada ya pigo.

Katika toleo la 2024 kila silaha ina umahiri wake, na kuutumia hakugharimu chochote. Akipiga kwa shoka la vita, adui analazimika kurusha dadu afikishe 15 (8 ya msingi jumlisha 4 ya nguvu jumlisha 3 ya ustadi), la sivyo anaanguka chini. Akipiga kwa nyundo ya vita, adui anaweza kusukumwa futi 10, na hapo hakuna dadu ya kujinusuru, ili mradi si mkubwa kupita kiasi. Akiwa na upanga mkubwa wa mikono miwili, hata akikosa, adui anapata jeraha la 4. Mpiganaji anaweza kubadilisha silaha katikati ya zamu, kwa hiyo mchezaji makini humwangusha adui kwa shoka, akamwachia mwenzake mwenye kisu ammalizie akiwa chini. Hakuna pointi za kuhesabu, na umahiri huo haumwishii hata pambano likiwa refu.

Ni badiliko zuri, tena zuri sana kwa mchezaji asiyependa kubeba hesabu. Udhaifu wake unajitokeza baada ya muda. Kwa kuwa umahiri huo wa silaha ni hila ya bure, unatumika kila pigo, na meza yenye watu wawili wenye shoka inajikuta inarusha dadu za kuanguka chini mara kwa mara usiku kucha. Hila isiyogharimu kitu haimlazimishi mtu kuamua.

Level Up inampa mpiganaji huyo huyo hazina ya pointi 6 za juhudi, maana hazina ni mara mbili ya bonasi ya ustadi. Anajua mbinu za mapokeo aliyoyachagua kati ya 11 ya kupigana, baadhi za kushambulia, baadhi za kujibu shambulio la adui, nyingine ni mikao anayoishikilia kwa muda. Mbinu nyingi zinagharimu pointi, na pointi zikiisha hazirudi hadi apumzike, japo pumziko fupi linatosha. Basi kila zamu ina swali la kweli. Nitumie pointi 2 sasa kumzuia huyu, au nizitunze kwa ajili ya kiongozi wao aliyejificha nyuma? Hilo ndilo swali ambalo wachawi wamekuwa wakijiuliza miaka yote kuhusu uchawi wao, na mtu wa upanga alinyimwa. Isitoshe, kumpokonya adui silaha, kumsukuma au kumwangusha ni mbinu za msingi zilizo wazi kwa kila mtu.

Zamu zinakuwa ndefu zaidi, hilo halifichiki. Meza ya watu sita wanaosoma karatasi zao kila zamu itasinzia. Meza ya watu watatu au wanne wanaozijua mbinu zao itapata mapigano ambayo 2024 haitoi.

Mengine ya mapigano nayapitia upesi. Katika 2024 uchawi wa kuponya umeimarishwa, ule wa msingi wa kugusa ukitoka dadu moja ya pande 8 hadi mbili, na dawa ya chupa unaweza kuinywa huku ukibaki na tendo lako kuu. Pigo takatifu la shujaa wa dini limefanywa uchawi unaogharimu tendo la ziada, na waliozoea kulirundika mara mbili kwa zamu wamelalamika. Mimi naona sawa, maana lilikuwa linayamaliza mapambano makubwa kabla hayajaanza. Level Up kwa upande wake imepunguza tabia ya kurundika nyongeza za namba kwa kutumia dadu ya ubingwa, inayojumlishwa kwenye ile ya pande 20, ikianza na ya pande 4 na kupanda hadi 6 na 8 mhusika akipata sababu zaidi ya moja ya kufaulu.

Njiani

Hapa ndipo mifumo hii inapoachana kabisa.

Chukueni kundi la wahusika wanne lenye nguvu 8, 10, 12 na 16. Hekalu wanalolitafuta liko kinamasini, mwendo wa siku 7. Katika toleo la 2024 mnachagua mwendo: wa kasi maili 30 kwa siku, wa kawaida 24, wa polepole 18, na kila mwendo una faida au hasara yake katika kuona hatari au kujificha. Chakula cha siku moja kina uzito wa ratili 2. Kwenda na kurudi ni siku 14, yaani ratili 28 kwa kila mtu, na mhusika dhaifu kuliko wote, yule mwenye nguvu 8, anaweza kubeba ratili 120. Njaa haimgusi mtu. Hata masanduku yote yakizama mtoni, uchawi mmoja wa ngazi ya kwanza unazalisha matunda 10, na tunda moja linamshibisha mtu siku nzima. Mnarusha dadu kuona kama mmepotea, pengine msimamizi anawaletea mamba, mnafika.

Sasa safari hiyo hiyo katika Level Up. Chakula na maji ya siku vinahesabiwa kama fungu moja la masurufu, na mhusika anabeba mafungu kulingana na alama ya nguvu zake. Kundi letu linabeba 8 na 10 na 12 na 16, jumla 46. Kila siku linakula 4. Wakifika hekaluni siku ya 7 wamekula 28 na wamebakiwa na 18, wakati kurudi kunahitaji 28. Wamepungukiwa mafungu 10 kabla hata hawajaondoka nyumbani. Watafute mnyama wa mizigo? Mmoja wao awinde njiani, na asipolinda kambi nani atalinda? Wapite njia fupi yenye hatari? Mazungumzo haya hutokea mezani yenyewe, bila msimamizi kuyachochea, na yule mchezaji mwenye nguvu 16 anajiona wa maana kabla ya panga lolote kuchomolewa.

Wakiwa njiani kila mhusika huchagua kazi: kuwinda, kupeleleza mbele, kupika, kuficha nyayo, kukusanya viungo vya uchawi, kusali, kuwaburudisha wenzake. Kisha zinakuja changamoto za eneo, kama dhoruba, mto uliofurika au ardhi inayodidimia, na matokeo yake ni ya daraja nne, kuanzia kushindwa vibaya hadi kufaulu kupita matarajio. Wachezaji hueleza wenyewe watakavyokabiliana nazo. Mwenye kamba, mwenye uchawi na mwenye maneno matamu kila mmoja ana mlango wa kuingilia.

Uchovu nao umefikiriwa upya. Katika 2024 kuna ngazi 6 za uchovu, kila ngazi inapunguza 2 kwenye dadu yako ya pande 20 na futi 5 kwenye mwendo, ya sita inaua. Ni kanuni safi kuliko ile ya zamani, na usingizi wa usiku mmoja unaondoa ngazi moja popote ulalapo. Level Up ina njia mbili, uchovu wa mwili na msongo wa moyo, kila moja na ngazi 7, na ukishakolea hauondoki kwa kulala chini ya mti. Lazima mfike mahali salama, penye paa na watu wa kuwalinda. Kwa kanuni hiyo moja tu, kijiji kidogo kwenye ramani kinageuka kuwa kitu mnachokitamani. Watu wanaanza kuuliza jina la mwenye nyumba ya wageni.

Kwa kundi linalopenda hayo, sioni namna toleo la 2024 linavyoweza kushindana. Kwa kundi linalotaka kufika hekaluni haraka ili kisa kiendelee, hesabu ya masurufu itakuwa mzigo, na hakuna ubaya wowote katika kuikataa.

Upande wa msimamizi

Dungeon Master's Guide ya Novemba 2024 ni msaada mkubwa kwa anayeanza kusimamia. Imepangwa vizuri kuliko ile ya 2014, ina mifano mifupi ya visa vya kuanzia na kanuni za ngome, makazi ambayo wahusika wanaweza kuyamiliki kuanzia ngazi ya 5. Monster Manual ya Februari 2025 ina madubwana zaidi ya 500, na wengi wao wameongezewa makali kwa kuondolewa dadu za kujinusuru. Mbwa mwitu akikuuma unaanguka chini hapo hapo kama mwili wako si mkubwa kuliko wa binadamu. Mapigano yanakwenda mbio, na msimamizi anashika mambo machache kichwani.

Monstrous Menagerie ya Level Up ndicho kitabu ambacho ningemshauri msimamizi yeyote akipate, hata kama meza yake haitagusa ukurasa mwingine wa mfumo huo. Pamoja na takwimu za dubwana, unaelezwa wahusika wanaweza kujua nini kumhusu kulingana na walichokirusha kwenye dadu, dalili wanazoweza kuziona kabla ya kukutana naye, anavyotenda akiwa na njaa au hofu, na makundi anayopenda kutembea nayo. Msimamizi aliyechoka baada ya siku ya kazi anafungua ukurasa na tukio liko tayari. Vilevile kuna madubwana wakuu waliotengenezwa kupigana na kundi zima peke yao, ambao hubadilika majeraha yao yakifika nusu. Kwa mapambano ya mwisho wa kisa, ni msaada ambao utauona faida yake usiku wa kwanza.

Kwa uchache wa kusoma, toleo la 2024 linashinda bila ubishi. Player's Handbook, kitabu chake cha wachezaji, ina kurasa 384. Adventurer's Guide ya Level Up inavuka 600. Kwa upatikanaji, Level Up inajitetea vizuri: kanuni zake zimewekwa bure mtandaoni kwenye tovuti yake rasmi, kwa hiyo kundi linaweza kuzijaribu kabla ya kununua chochote. Wizards nao wameweka kanuni za msingi za bure, na Aprili 2025 walitoa hati ya mfumo wa 2024 chini ya leseni huria ya Creative Commons, lakini hiyo ni sehemu tu ya vilivyomo vitabuni. Anayetegemea zana za kidijitali za kutunza karatasi ya mhusika atazikuta tayari kwenye tovuti ya D&D Beyond kwa ajili ya toleo la 2024.

Nani achukue ipi

Kundi lenye wageni wawili au zaidi lichukue 2024. Kundi kubwa, linalokutana kwa saa chache, au linalobadilisha wachezaji mara kwa mara, vilevile. Wale waliocheza pamoja muda mrefu, wakazoea kanuni za 2014 kiasi cha kuzicheza bila kufungua kitabu, na bado wana njaa ya uamuzi mgumu zaidi, waende Level Up bila kusita. Mpenzi wa visa vya jumba la kifalme na fitina atapata kidogo katika zote mbili, japo majaliwa ya Level Up yatamsaidia kiasi.

Kundi lililogawanyika linaweza kuchanganya, kwa uangalifu. Madubwana wa Level Up wanaingia kwenye meza ya 2024 bila shida. Masurufu na kazi za njiani nazo zinaingia, mradi mtumie uchovu wa 2024 wenye ngazi 6 na kuazima sharti moja tu, kwamba hauondoki hadi mfike mahali salama. Yale matunda 10 ya kichawi mtalazimika kuyawekea mpaka, vinginevyo hesabu yote ya chakula inavunjika. Msichanganye umahiri wa silaha na mbinu za juhudi kwa mpiganaji mmoja, maana atawafunika wenzake, na msiweke mezani mhusika mmoja wa mfumo huu na mwingine wa ule, kwa kuwa orodha za uchawi na dadu za ubingwa zitazua maswali kila baada ya zamu mbili. Anzeni na safari moja ya siku 7 kama ile ya kinamasi, wahusika wakiwa wale wale wa 2024. Mkifika hekaluni, waulizeni wachezaji kama wangependa kurudi kwa miguu au msimamizi aruke hadi mjini, kisha mchague vitabu kwa kufuata jibu lao.